Namna ya Kutoa Maoni Kuhusu Mpango wa Kunusuru Ua la Mwituni

Nchini Marekani, Sheria ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka ya mwaka 1973 inaitaka serikali iwape wananchi nafasi ya kutoa maoni kabla ya kuidhinisha mpango wa kunusuru ua la mwituni.

Isome rasimu yenyewe, ukitafuta hatua za kuchukuliwa katika kila eneo, vigezo vinavyopimika vya kuliondoa ua hilo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, na makadirio ya muda na gharama. Vigezo ndivyo vinavyostahili jicho kali zaidi: rasimu ikihesabu mashina yanayochanua tu, bila kuuliza kama miche inaota na kukomaa, liseme hilo waziwazi, kwa sababu mimea mikongwe inaweza kuendelea kuchanua kwa miaka huku kizazi kipya hakipo.

Ukiwa umeliona ua hilo, andika tarehe, idadi ya mashina, wadudu waliolitembelea na dalili za mifugo au magugu, wala usichume hata moja. Mahali hasa lilipo waeleze wataalamu faraghani, maana maoni yaliyowasilishwa huweza kusomwa na yeyote, wakiwemo wezi wa mimea.

Mpango huo haumlazimishi mwenye ardhi. Kwa hiyo, ikiwa limeota kwako, taja kazi uliyo tayari kuifanya.