Bunduki isikupige teke: namna ya kuchagua silaha na kaliba inayoendana na mwili wako

Wakuu, mimi ni mtu mfupi, kilo 61, na miaka kumi na mbili nimebeba bunduki mapori ya huku Manyoni na Itigi, kwaiyo ninayoandika hapa bega langu linayajua. Siku hizi nipo Dodoma mjini na watu wanaotaka kuomba kibali wananifuata na swali moja tu, "nichukue ipi yenye nguvu". Hapo ndo wanapokosea. Bunduki inayokuumiza utaiogopa, ukiiogopa utafumba macho kabla haijalia, na risasi inaenda unakokujua wewe na Mungu wako.

Mwenyewe nilianzishwa na .458 (hizo namba ndo kaliba, yaani unene wa risasi kwa inchi, na hii ni ya wanyama wakubwa), bosi mmoja alitaka acheke kidogo. Akacheka kweli. Bega lilikuwa la zambarau wiki nzima lakini hilo sio tatizo, tatizo ni kwamba miezi kadhaa baadae hata ukinipa .22 ya kupigia kanga nilikuwa nashtuka kabla ya kuvuta triga.

Hatua ya 1: jua kazi yake kabla hujajaza fomu. Kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 kinatolewa kwa silaha yenyewe hiyo, sio kwamba ukichoka unabadilishana na jamaa yako. Kwaiyo jaribu kwanza, kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa na msimamizi akiwa pembeni. Na kama una shamba la mtama kule Bahi au Kongwa unataka bunduki kwa ajili ya kweleakwelea, acha tu, wale wanapulizwa dawa na ndege ya serikali, utamaliza katoni nzima na wao ndo kwanza wanashuka. Tembo wakiingia shambani nako usijifanye shujaa, piga simu kwa maafisa wanyamapori.

Hatua ya 2: elewa teke, yaani ule msukumo unaorudi begani ukipiga, linatoka wapi. Vitu vinne: uzito wa risasi, mwendo wake, wingi wa baruti na uzito wa bunduki yenyewe. Hicho cha mwisho watu wanakisahau kabisa, wanataka bunduki nyepesi maana kutembea nayo ni raha, alafu wakipiga wanalia. Ukichukua risasi ile ile ukaiweka kwenye bunduki nzito mara mbili, nguvu ya teke inapungua nusu. Kwa makadirio tu, raifo ya kilo tatu na nusu mpaka nne hivi, .243 inakurudishia jouli (kipimo cha nguvu) kama 14, .308 inafika 23, .30-06 kama 27, ukipanda .375 H&H (Holland & Holland) unagonga 50, na ile .458 ya bosi wangu inakwenda 80. Yaani kutoka .308 kwenda .375 teke linakuwa zaidi ya mara mbili. Hiyo .375 ipo tangu 1912 na ndo tunayoanzia kwa nyati, sasa wewe unayetafuta swala na ngiri kwa leseni yako ya uwindaji unaihitaji ya nini? .243 au .308 zinatosha. Ila kabla hujapenda kaliba yoyote ulizia risasi zake dukani kwanza, usije ukanunua pambo.

Hatua ya 3: pima kitako, ile sehemu ya nyuma inayokaa begani. Hapa ndo nakaa sana na watu maana nimeona .308 inayomuumiza mtu kuliko .30-06 ya mwenzake, na kosa lote lipo kwenye kitako. Hakikisha kwanza haina risasi, fungua chemba uangalie kwa macho na uingize kidole, mtutu uelekee pasipo na mtu. Kunja kiwiko nyuzi 90, weka kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, kidole chako kinatakiwa kifike vizuri kwenye triga. Vitako vingi vya kiwandani vina urefu wa sentimita 34 mpaka 35 kutoka triga, vimepimwa kwa mwanaume mrefu wa huko kwao, kwaiyo wanawake wengi na wafupi wenzangu vinatuzidi, kitako kinashindwa kuingia begani kinakaa kwenye msuli wa mkono, na hapo teke linauma vibaya. Kikiwa kifupi mno, dole gumba linakupiga pua. Kukata kitako ni kazi ya fundi silaha mwenye leseni, sio fundi wa vitanda, na akishakata afunge mpira laini mwisho. Shavu nalo likae kwenye kitako bila kuinua shingo kama twiga, ukiinua kitako kinakugonga taya.

Kama kuna darubini, jicho liwe mbali nayo sentimita 9 au zaidi. Wenye kale ka alama ka mwezi mchanga juu ya nyusi wanajua ninachosema.

Hatua ya 4: shotigani. Geji ni kipimo cha unene wa mtutu, na 20 ni nyembamba kuliko 12, kwaiyo watu wanadhani 20 geji lazima iwe laini kuliko 12. Sio lazima! Bunduki ya 20 huwa nyepesi, kwaiyo ukiweka risasi nzito inakupiga sawa tu na kaka yake. 12 geji yenye uzito wa kutosha na risasi ya marisau (vile vigololi vidogo) gramu 24 au 28 inapigika siku nzima. Ile inayojipakia yenyewe kwa gesi ni laini zaidi maana teke linasambaa kwa mda mrefu kidogo, ila vumbi la huku linataka uisafishe mara kwa mara.

Hatua ya 5: bastola. Ndogo ya mfukoni ndo inayorusha mkono. Chukua 9 milimita ya saizi kamili, mpini ujaze kiganja. Na uweze kuvuta silaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma) mwenyewe bila kukunja sura.

Hatua ya 6: jaribu kwa akili. Ziba masikio kabisa, mlio wa bunduki unapita desibeli 140 na nusu ya woga unatoka kwenye mlio sio kwenye bega. Piga umesimama, ukikaa mezani mwili hauyumbi na teke lote linaishia begani. Kwa .375 risasi tano sita kwa siku zinatosha. Alafu mwambie msimamizi akuchanganyie risasi za bandia bila wewe kujua ipo wapi, ukivuta triga ikalia "tik" na mtutu ukainama, basi ulishashtuka kabla, rudi kwenye .22 mpaka utulie.

Kesho yake asubuhi nyanyua ndoo ya lita 20 kwa mkono wa upande uliopigia. Ikikushinda rudi kwa fundi wa kitako kwanza, ni rahisi kuliko kurudi dukani.