Asidi ya hidrofloriki haiumi papo hapo

Ukishika asidi ya hidrofloriki, iwe ya kuchora kioo, kusafisha chuma au kuondoa kutu, usipime usalama wako kwa maumivu. Iliyozimuliwa chini ya asilimia 20 inaweza kukaa kimya hata saa 24 ndipo kidole kianze kupwita, na ngozi kwa juu bado inaonekana nzima. Wakati huo floraidi, kemikali iliyomo kwenye asidi hiyo, imeshazama ndani, inakamata kalsiamu, na kalsiamu ya damu ikishuka sana moyo huenda mrama.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chupa (ya plastiki, maana kioo hukiyeyusha), hakikisha jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 iko karibu na haijapitwa na muda. Asidi ikikurukia, vua nguo zilizolowa huku maji yanatiririka, suuza dakika 5, kisha paka jeli mfululizo hadi hospitali. Huna jeli? Suuza dakika 15 au zaidi, na uondoke. Hospitalini itaje kwa jina. Ukisema tu “asidi” watakutibu kama kuungua kwa kawaida. Zile glavu nyembamba za mpira, sizihesabu kabisa. Vaa nene, za neoprini (aina ya mpira wa viwandani).