Jinsi ya kuchonga chapa ya mbao ya mtawala kwa namna ya Dürer

Kaisari Maximilian wa Kwanza wa Dola Takatifu ya Kiroma, ambaye madeni yalimwandama kila kukicha, aliagiza tao la ushindi la karatasi: vibao 195 vilivyochongwa katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, katika karakana ya Hieronymus Andreae, ambavyo chapa zake zikiunganishwa hufikia kimo cha takriban mita tatu na nusu. Anayeanza asijaribu kazi hiyo. Tutafuata chapa ndogo ya kichwa na mabega, iliyotokana na mchoro ambao Albrecht Dürer, msanii Mjerumani, alimchora Kaisari katika mji wa Augsburg tarehe 28 Juni 1518.

Hatua ya kwanza ni kuamua mtazamaji atamtambuaje mtawala kabla hajasoma jina lake. Kwa Maximilian zilitosha pua yenye kigongo, kofia pana yenye medali, na mkufu wa Nishani ya Ngozi ya Dhahabu, alama ya chama cha heshima cha wakuu. Ukiongeza alama nyingine, hizi tatu zitafifia.

Pili, tafuta ubao uliopasuliwa kwa kufuata nyuzi, wenye nyuzi zilizobanana; mafundi wa Ujerumani walipenda mti wa pea. Bandika mchoro wako kifudifudi kwa gundi nyepesi, kisha sugua karatasi taratibu kwa kidole chenye maji hadi mistari ionekane. Picha itakuwa imegeuka, nawe uichonge hivyo hivyo ilivyogeuka.

Hatua ya tatu ndiyo inayokula siku nyingi. Kila mstari mweusi hubaki umesimama baada ya kisu kupita pande zake mbili, na kila upande ukatwe kwa mshazari, ili mstari uwe mpana chini na mwembamba juu, mithili ya tuta la shamba. Niliwahi kukata ukingo wa kofia kwa kuingiza kisu chini ya mstari, na kwenye karatasi ya tatu ukingo ukavunjika; nilitoboa sehemu hiyo, nikagongomea kipande kipya cha mbao na kuchonga upya, dawa ambayo karakana za zamani pia ziliitumia. Maeneo makubwa yatakayobaki meupe yaondoe kwa patasi yenye mdomo wa mviringo. Aliyezoea kunakshi milango atavutwa kuchimba ndani sana, lakini karatasi haioni kina. Iga jambo moja la Dürer kwa makini: vazi alilijaza mistari iliyosongamana, ilhali shavu alilipa michache iliyopinda, kwa hiyo jicho hukimbilia weupe wa uso bila kuelekezwa.

Kuchapa ni kwepesi zaidi. Paka wino wa mafuta kwa rola, weka karatasi yenye unyevunyevu, kisha sugua mgongo wake kwa kijiko cha mbao ikiwa huna mashine ya kuchapia. Fikiria pia nani atapokea nini. Hans Burgkmair, msanii mwingine Mjerumani, alipomchora Maximilian juu ya farasi mwaka 1508, baadhi ya nakala zilichapwa kwa dhahabu, bila shaka si kwa ajili ya watu wa sokoni.

Maandishi yachonge mwisho kabisa, herufi zikiwa zimegeuka, na usiyaharakishe hata kama mteja anakuhimiza. Maximilian alifariki tarehe 12 Januari 1519, miezi michache tu baada ya kuchorwa, na chapa ya Dürer ikatoka ikiwa na neno la Kilatini Divus, ambalo Warumi waliwapa makaisari waliokwisha kufa na kuhesabiwa miongoni mwa miungu. Fundi aliyekwisha kuchonga cheo cha mtawala aliye hai angelazimika kung'oa mstari mzima.