Jinsi ya kuendesha mjadala wa Palestina na Israeli kijiweni bila watu kununiana

Vijiwe vyetu vya kahawa hapa Mwanza, iwe Makoroboi au kule Kirumba jirani na mwalo, hii mada ikitua tu basi, mmoja anatoa aya, mwingine anatoa mstari, wa tatu anazungusha simu na video ambayo hata hajui ni ya mwaka gani. Kama wewe ndo huwa unaachiwa kuamua, fanya hivi.

Anza kwa kuitoa dini mezani. Waambie Bethlehemu iko Palestina na ina Wapalestina Wakristo wa enzi na enzi, na kule Israeli raia karibu mmoja kati ya watano ni Mwarabu. Hapo shehe na mwinjilisti wote wanatulia kidogo, ndo upenyo wako huo.

Alafu kila anayesema "Palestina" muulize ipi, ataje mji. Akishataja muulize vitu vitatu: nani anapiga doria usiku, nani anakusanya ushuru, nani anatoa kibali cha kujenga. Hapa ndo penye utamu kaeni napo sana. Akisema Ramallah, polisi ni wa Mamlaka ya Palestina, yaani serikali ya Wapalestina yenye madaraka ya sehemu tu, ile iliyozaliwa 1994 baada ya makubaliano ya Oslo ya 1993 kati ya Israeli na chama cha ukombozi cha PLO, ila jeshi la Israeli nalo linaingia likitaka. Toka nje ya miji, kuna lile eneo linaitwa C, kama asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, ile sehemu ya Palestina yenye Ramallah na Bethlehemu, huko ulinzi na vibali vyote ni Israeli. Kwa asiyeelewa mwambie hivi: chukulia Igoma iko chini ya serikali yako, Kisesa polisi ni wa wengine, Magu tena yako, na katikati kuna vizuizi vya jeshi ambavyo leo viko wazi kesho vimefungwa, we una mgonjwa kwenye bajaji. Gaza nayo kivyake, kundi la Kiislamu la Hamas wameishika tangu 2007, na mapigano yaliposimamishwa Oktoba 2025 jeshi la Israeli lilibaki limekalia zaidi ya nusu ya eneo.

Swali la ushuru msiliruke. Mizigo ya Wapalestina inapita bandari za Israeli, kwaiyo Israeli ndo inakusanya kodi ya forodha na kwa makubaliano ya Paris ya 1994 inatakiwa kuirudisha kwa Mamlaka kila mwezi. Ikizuia, na imezuia mara nyingi, mwalimu na nesi wa Nablus wanapokea nusu mshahara. Mtumishi yeyote wa Nyamagana hii anaielewa haraka kuliko hotuba zote za Umoja wa Mataifa.

Kuna yule lazima atasema "si wakae tu wasaini yaishe". Muulize kwa upole, asaini nani mzee wangu? Mahmoud Abbas wa chama cha Fatah alichaguliwa rais wa Mamlaka Januari 2005 kwa miaka minne na mpaka leo yupo, mwaka uliofuata Hamas wakashinda bunge viti 74 kati ya 132, 2007 wakatwangana na Fatah kila mmoja akabaki na upande wake, Hamas Gaza na Fatah Ukingo wa Magharibi, uchaguzi uliopangwa 2021 nao ukaahirishwa. Yaani kuna vijana wana watoto na hawajawahi kupiga kura ya rais hata moja. Upande wa pili usiuache: Rabin, waziri mkuu wa Israeli ambaye serikali yake ilisaini Oslo, aliuawa 1995 na Muisraeli mwenzake, na Julai 2024 bunge la Israeli lilipiga kura 68 kwa 9 kukataa taifa la Palestina.

Kwenye waliokufa kuwa mkali kabisa, hakuna kushindanisha. Oktoba 7, 2023 Hamas waliposhambulia Israeli waliuawa watu kama 1,200 na 251 wakatekwa, na wamo vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Gaza wizara yao ya afya inahesabu waliouawa zaidi ya 70,000. Anayecheka maiti za upande wowote alipe kahawa yake aende.

Kuhusu Nyerere, maana atatajwa tu: uhusiano na Israeli tulivunja 1973, ukarudi 1995, 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv, na Palestina tunaitambua na ubalozi wake uko Dar. Kwaiyo wote wawili wanaobishana hapo wana nusu ya ukweli.

Mwisho wa kikao ndo mguse amani yenyewe. Anayetaka mataifa mawili aeleze mpaka upite wapi, Yerusalemu iwe ya nani, wakimbizi warudi wapi, na walowezi, yaani Waisraeli waliohamia kujenga kwenye ardhi iliyokaliwa na jeshi lao, ambao Oslo inasainiwa hawakufika 150,000 kwenye Ukingo wa Magharibi na sasa wako kama nusu milioni bila kuhesabu Yerusalemu Mashariki, wahamie wapi. Anayesema haiwezekani milele naye asipone, mkumbushe Misri na Israeli walipigana vita kubwa 1973 na kufika 1979 wamesaini amani ambayo haijavunjika, na walowezi wa Sinai waliondolewa, wa Gaza nao 2005 waliondolewa na jeshi lao wenyewe. Kisha umwache aanze kujibu.