Kabla Mtoto Hajameza Kidonge cha Kwanza cha Ritalin

Kabla ya kumwandikia mtoto dawa ya ADHD, yaani shida ya kutotulia na kukosa umakini, daktari atakuuliza kama kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua akili. Wengi wetu tunajibu "hapana" mbio mbio. Shangazi aliyekesha siku nne akigawa mali zake, tunasema alipandwa na mashetani. Mjomba aliyejinyonga hatajwi kabisa. Wataje. Ritalin, ambayo ni methilifenideti, na Adderall, ambayo ni amfetamini, huongeza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na mwenye asili ya ugonjwa wa bipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, zinaweza kumpandisha hadi mania, yaani msisimko wa akili uliopindukia. Jina la ugonjwa si lazima ulijue. Simulia alichokuwa akifanya, baba wa mtoto naye asimulie cha upande wake.

Kisha chukua daftari. Wiki nzima kabla ya dawa, andika mtoto analala saa ngapi, nini humliza, anaogopa nini, kama hupepesa macho au kukunja shingo bila kukusudia. Bila hayo, mwezi ujao mtabishana ndani ya nyumba: ukali huu ni wa dawa, au ndivyo alivyokuwa?

Kusikia sauti au kuona visivyokuwepo kwa sababu ya dawa hizi hutokea kwa nadra. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, kwa watumiaji wa dawa hizi wenye umri wa miaka 13 hadi 25, ulikuta kama mtu 1 kati ya 660, na amfetamini ilizidi methilifenideti. Watoto wadogo mara nyingi husema wanaona wadudu au nyoka. Usimkemee kwamba anadanganya, wala usikimbilie kwa mganga. Mpigie daktari siku hiyo hiyo. Akiongelea kufa, usingoje kesho.

Hasira za jioni ni jambo jingine. Ritalin ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa tatu hadi nne hivi, na inapoisha mwilini mtoto anaweza kuwa mkali au kulialia. Daktari hubadili saa au aina ya kidonge, basi.

Anayenitia hofu mimi ni mtoto aliyepoa kupita kiasi: hachezi, hacheki, anakaa tu. Huyo halalamikiwi na mtu, na shuleni husifiwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mwombe mwalimu akuangalizie pia kama wakati wa mapumziko bado anakimbizana na wenzake.