Insulini na stripu za kupima sukari bila kuvunja kibubu, mi nafanyaga hivi

Nina kisukari aina ya kwanza mwaka wa 11 sasa, niko Dar, na karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza inboksi we insulini unaipataje na huna kazi ya kueleweka. Haya fuata huu mpangilio, usiruke.

Hatua ya 1, hesabu kwanza. Chupa ya insulini ya mils 10 ina yuniti 1000. Ukichoma 24 asubuhi na 16 jioni ni 40 kwa siku, yaani chupa inaisha siku ya 25, sasa ukiandikiwa chupa moja kwa mwezi zile siku tano za mwisho ndo utajikuta duka la dawa unanunua kwa bei yoyote, au mbaya zaidi unapunguza dozi ili ifike. Usipunguze, aina ya kwanza bila insulini ni hatari ndani ya siku chache tu. Andika hesabu kwenye daftari la kliniki umuoneshe daktari.

Hatua ya 2, fungua faili kliniki ya kisukari hospitali ya serikali na mwambie daktari ukweli kuhusu mfuko wako. Insulini ya kalamu mara nyingi ni ghali kuliko ya chupa, anaweza kukubadilishia. Usijibadilishie mwenyewe, hazifanyi kazi sawa.

Hatua ya 3, hapa watu wengi wanapoteza bahati. Mgonjwa akiwa chini ya miaka 25 muulize nesi kuhusu Changing Diabetes in Children, mpango ulioanza 2009 na kampuni ya dawa Novo Nordisk wamo, au mwingine unaitwa Life for a Child. Hii mipango inatoa insulini, kimashine cha kupima sukari na stripu zake bure, ila unaandikishwa kupitia kliniki, hakuna wakala wa mtaani, anayekudai hela ya fomu huyo mkimbie. Nesi akisema hapa hatuna, usiondoke, uliza "mnatuma wapi?" Chama cha Kisukari Tanzania nao wanaweza kukuelekeza.

Hatua ya 4, we mkubwa na huna uwezo, omba msamaha wa gharama. Barua ya serikali ya mtaa kwanza, halafu afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na mzee wa 60 na kuendelea asiye na uwezo aulize hapohapo. Mi mara ya kwanza nilienda mikono mitupu, nikazungushwa madirisha matatu mpaka saa nane mchana, nikarudi home na njaa na sukari imeshuka. Kuanzia siku hiyo barua naifuata wiki moja kabla, na pipi mfukoni hazikosi.

Hatua ya 5, kimashine. Kimashine chenyewe sio gharama, gharama ni stripu! Niliwahi kununua kimoja cha bei chee, stripu zake nikazunguka Kariakoo nzima sikuziona, mpaka leo kiko kabatini. Kwahiyo ulizia stripu maduka mawili matatu kwanza, kopo la 50 ukipima mara mbili kwa siku ni siku 25, angalia tarehe ya kuisha, af funga kifuniko fasta maana unyevu unaziharibu na namba zinadanganya. Vingine vinasoma kwa kipimo cha mg/dL wakati hospitali wanatumia mmol/L, kwahiyo kikisoma 180 usizimie, gawa kwa 18, hiyo ni 10 ya hospitali.

Hatua ya 6, usimwage ulichopewa bure. Kama huna friji, chungu cha udongo ndani ya kingine kikubwa, katikati mchanga unaoumwagia maji asubuhi na jioni, insulini kwenye mfuko mkavu ndani, kivulini penye upepo. Wenye friji msiweke karibu na barafu, ikiganda tupa hata kama imeyeyuka vizuri. Chupa ikishafunguliwa andika tarehe na maka pen kwenye lebo, wiki nne basi, na ile insulini inayoonekana safi kama maji ukiiona imeingia ukungu usiichome, rudi nayo kliniki.