Kabla ya Kununua Mbegu, Rundika Mboji

Mtu mwenye kipande cha uwanja nyuma ya nyumba akipata hamu ya kulima mboga bila dawa za viwandani, safari yake ya kwanza huwa duka la pembejeo. Anarudi na pakiti tatu za mbegu, anachimba, anapanda, anamwagilia. Wiki ya tatu mchicha una urefu wa kidole na rangi ya njano, naye anatangaza kwamba kilimo hai ni porojo.

Tatizo liko kwenye udongo. Mchanga wa Dar es Salaam, na wa pwani kwa jumla, haushiki maji wala virutubisho; ukimwagilia asubuhi, mchana pamekauka. Anayetumia urea, mbolea ya kiwandani, huweza kuuficha udhaifu huo kwa muda. Wewe usiyeitumia utalazimika kuutibu, na dawa yake ni mboji, yaani mbolea ya takataka zilizooza, ambayo huchukua miezi miwili hadi mitatu kuiva. Ukitaka kupanda mvua za vuli zinapoanza Oktoba, lundo lako liwe limeshaanza Julai.

Chagua mahali penye kivuli, upana wa mita moja na urefu wa mita moja au zaidi. Lundo dogo kuliko hapo halipati joto la kutosha. Chini kabisa tandika vijiti ili hewa ipite. Juu yake weka takataka kavu, kama majani yaliyopukutika, mabua au pumba za mpunga, unene wa kiganja kilichofumbuliwa. Fuatisha majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi kidogo, kisha nyunyizia udongo na majivu kiasi cha konzi mbili tatu. Mwagia maji, rudia tabaka mpaka lifike kifuani, funika kwa majani ya mgomba. Nyama, samaki na mafuta visiingie, vitakuletea panya. Kinyesi cha mbwa na paka pia hapana, kwa sababu kina minyoo inayoweza kumpata binadamu.

Choma fimbo ndefu kwa mshazari hadi katikati ya lundo. Hiyo ndiyo kipimajoto chako. Baada ya siku nne ichomoe uishike: ikiwa ya moto na yenye unyevu, mambo yanakwenda. Ikiwa kavu, ongeza maji. Ikinuka uozo, maji yamezidi au kijani kimezidi. Geuza na uchanganye takataka kavu. Wiki ya tatu geuza lundo lote, la nje liingie ndani. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inamomonyoka, na hunukia kama udongo uliopata mvua ya kwanza.

Mwaka fulani nilikosa subira nikamwaga mbolea ya kuku mbichi kwenye tuta la chainizi. Baada ya siku chache majani yalikuwa yameungua kingo kama yamepitiwa na moto. Mbolea ya kuku ni kali, iozeshwe kwanza. Tena samadi mbichi hubeba vijidudu vya kuharisha, na mboga za majani hukaa karibu sana na ardhi.

Mboji ikiwa tayari, changanya ndoo mbili kwa kila mita ya mraba ya tuta. Asiye na uwanja atumie kiroba cha sandarusi kilichokuwa na mchele au unga, asitumie mfuko uliobeba kemikali. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Matandazo hayo yatakupunguzia kazi ya kumwagilia kuliko mpira wowote. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, miche ya kwanza ipe maji ya mvua uliyokinga.

Anza na matembele. Pando unaliomba kwa jirani, halina gharama, na ndani ya mwezi mmoja hivi unachuma. Fuatia na mchicha, ambao huwa tayari wiki ya tatu au ya nne. Nyanya ziache msimu wa kwanza, hata kama mkeo au mumeo anazitaka: kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda, amewashinda hata wakulima wakubwa.

Vidukari wakijaa chini ya majani, maji ya sabuni ya mche yanatosha. Kwa viwavi tumia mwarobaini: gramu 50 za kiini cha mbegu zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, pulizia jioni kwa kuwa jua huharibu nguvu yake. Kuna wanaoshauri maji ya tumbaku. Sikubaliani nao, maana nikotini ni sumu kwa mpuliziaji na mlaji, iwe imetoka kwenye jani au kiwandani.

Ukishavuna matembele na mchicha, tuta hilo lipe kunde. Mizizi yake huongeza naitrojeni, na majani yake ni mboga pia. Siku mavuno yakizidi sufuria na majirani wakaanza kuja na fedha, uza kwa jina la mboga za nyumbani. Nembo ya Kilimohai, inayokwenda na kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai kilichopitishwa mwaka 2007, hutumiwa na aliyekaguliwa tu.